Je, Wajua? Begi Mgongoni, Jua Utosini

Safu ya leo ni ya kijana wa Kitahana, wa Kibondo mjini, wa Kasulu au wa Manyovu anayetamani kubeba begi lake mgongoni na kwenda kupaona mahali ambapo watu wa kale walisali, walitambika na kutawala. Wageni huvuka bahari kuja kuyaona magofu yetu. Wengi wetu tunayajua kwa picha moja tu, ile ya kitabu cha historia cha shule. Tutaanzia nyumbani, tushuke hadi pwani, kisha tupande tena, na njiani tutazungumza sana kuhusu jua, kwa sababu magofu mengi ya Afrika Mashariki yako mahali penye joto kali.

Je, wajua kuwa ukishuka kutoka Kibondo hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika unabadilisha hali ya hewa bila kutoka mkoani? Kibondo iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kwenye mita 773 hivi. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto la hewa hupanda kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo. Ndiyo maana mtu wa Kitahana anayejifunika blanketi zito mwezi wa Juni hutafuta feni akifika Kigoma mjini, na akifika Kilwa au Bagamoyo mwili humgomea kabisa. Asijione dhaifu. Mwili huhitaji wiki 1 hadi 2 kuzoea joto jipya. Katika muda huo unajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kupunguza chumvi inayopotea kwenye jasho hilo. Siku za kwanza za safari tembea nusu tu ya ulichokipanga.

Je, wajua siku ambazo nguzo iliyosimama Kibondo haina kivuli katikati ya mchana? Ni mwanzoni mwa Oktoba na tena karibu na tarehe 10 Machi, jua linapopita utosini kabisa. Kilwa, iliyo kusini zaidi, siku hizo huangukia katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Anayezuru magofu siku kama hizo asitegemee kivuli cha ukuta mchana, maana ukuta hautakuwa nacho.

Je, wajua kwamba lita 1 ya jasho, ikikauka yote juu ya ngozi, huondoa mwilini joto linaloweza kuchemsha lita 7 hivi za maji ya kawaida? Hiyo ndiyo kinga yako kuu. Lakini sharti jasho likauke. Jasho linalodondoka chini halikupozi hata kidogo, na pwani, penye unyevu mwingi hewani, ndivyo linavyofanya. Nyuzi 32 za Kilwa zinachosha kuliko nyuzi 32 za bonde la Malagarasi wakati wa kiangazi. Kipande cha kitenge kilicholowanishwa na kufungwa shingoni husaidia kwa njia hiyohiyo: maji yanapokauka yanaondoka na joto. Na sisi watu wa Kigoma vitenge hatujawahi kuvikosa.

Sasa tuanze mwendo.

Je, wajua kuwa majina ya falme za kale za Uha bado yanatajwa Bungeni Dodoma? Muhambwe ni jimbo la uchaguzi la Kibondo, na Buyungu ni jimbo la Kakonko. Kabla ya kuwa majimbo zilikuwa himaya, kila moja na mwami wake, yaani mfalme. Huko Kasulu ilikuwepo Heru, na jina lake limebaki Heru Juu, nje kidogo ya mji. Kuanzia mwaka 1946 Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, katika enzi ambayo wanawake waliokalia kiti cha utawala Tanganyika walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watemi na machifu nchi nzima, na ikulu za wami zikabaki majina ya vilima.

Mtu atauliza: magofu yenyewe yako wapi? Hapa naomba tukae kidogo. Wami wa Uha walijenga kwa miti, matete na nyasi. Jengo la namna hiyo likiachwa halisubiri karne. Mchwa na mvua hulimaliza katika miaka michache. Kwa sababu hiyo tumezoea kusema kwamba pwani ina magofu na sisi hatuna kitu. Sikubaliani na kauli hiyo, na ushahidi nitauleta tukifika Shanga. Kwa sasa shika hili: mahali pa mwami wa zamani hutafuti ukuta. Tazama miti mikubwa iliyosimama kwa mpangilio usio wa msitu, mawe ya kusagia yaliyolika katikati, vigae vya vyungu, mavi ya chuma yaliyobaki pale wahunzi walipoyeyushia. Kisha muulize mzee wa jirani kilima kile kinaitwaje na kwa nini hakilimwi.

Je, wajua kuwa Waha walikuwa na watu maalumu wa kusimamia uhusiano kati ya wakazi, ardhi na mizimu yake? Waliitwa bateko. Mamlaka yao yalihusu mashamba, mapori na sehemu za kutambikia, na hata mwami hakuweza kuyapuuza. Ukipita kwenye kichaka ambacho wenyeji hawakati kuni, usikate nawe.

Kutoka Kasulu teremka hadi Uvinza, na hapa msafiri anapaswa kulala angalau usiku mmoja.

Je, wajua kuwa chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa karibu miaka 1,500? Karibu na makutano ya mto Ruchugi na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wanahistoria John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, wakakuta mashimo ya kuchemshia, majivu na vigae vilivyorundikana tabaka juu ya tabaka, ya zamani zaidi yakiwa ya karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Watu walikuja kutoka pande zote, wakapiga kambi, wakachemsha, wakalipa sehemu ya chumvi yao kwa watawala wa mahali na kurudi makwao na mizigo. Kazi ilifanyika kiangazi tu, kwa sababu masika mito ilifurika na maji matamu yakaizimua ile chumvi. Hebu fikiria joto lake: kiangazi cha bonde la Malagarasi, mioto kushoto na kulia, na mtu ameinama juu ya chungu siku nzima. Wajerumani walipofika wakajenga kiwanda papo hapo, na Uvinza imeendelea kutoa chumvi mpaka zama zetu. Sijui magofu mengine nchini ambayo kazi yake ya awali imedumu muda mrefu hivyo.

Je, wajua kuwa chumvi hiyohiyo ni dawa ya msafiri wa juani? Ukitoka jasho unapoteza maji pamoja na chumvi. Anayekunywa maji matupu kwa wingi kutwa nzima, bila kula, anaweza kuizimua chumvi ya damu yake hadi aumwe kichwa, atapike, hata azimie. Mchanganyiko wa nyumbani ni huu: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Kama maduka ya dawa yako karibu, nunua pakiti za ORS. Hazina uzito begini.

Je, wajua kuwa Henry Morton Stanley, alipokuwa anamtafuta Livingstone mwaka 1871, alipita kwenye ardhi ya Waha na kuonja ukali wa hongo yao, yaani ushuru wa njia? Mtware mmoja, yaani mkuu wa eneo, aliyeitwa Mionvu alimdai nguo nyingi kiasi kwamba, alipoambiwa mbele kuna wakubwa wengine wanaosubiri zao, Stanley alimlipa mwongozaji na kutoroka usiku na msafara wake kupitia porini, watu wakikatazwa hata kunong'ona. Vitabu vingi husimulia jambo hili kana kwamba Waha walikuwa wanyang'anyi. Nchi ilikuwa yao na njia ilikuwa yao. Leo mgeni analipa kiingilio mlangoni na hakuna anayelalamika.

Je, wajua kuwa Ujiji, Stanley alikomkuta Livingstone mwaka huohuo wa 1871, ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, mwendo wa kilomita 1,200 hivi? Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo UNESCO iingizwe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja vituo kama Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji. Watumwa walipitishwa humo. Anayeitembea leo atembee akilijua hilo.

Je, wajua ni nani hasa waliokuwa mabingwa wa kutembea na mzigo kwenye jua? Wapagazi, na Wanyamwezi walitangulia wote. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila 2, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake, posho na silaha. Washauri wa safari za miguu siku hizi humwambia mtu asibebe zaidi ya sehemu 1 ya 5 ya uzito wa mwili wake, kwa hiyo mwenye kilo 60 asizidishe 12. Linganisha.

Lakini kilichowafikisha hakikuwa nguvu za mabega peke yake. Walikuwa na utaratibu. Kirangozi, kiongozi wa msafara, aliamsha kambi kungali giza, msafara ukaondoka alfajiri, na kufikia saa tano asubuhi au karibu na saa sita walikuwa wameshatua mizigo na kuanza kujenga vibanda. Mchana ulikuwa wa kivuli, kupika na kulala. Palipokuwa na nyika isiyo na maji walifanya terekeza: walipika na kula mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kulegea, wakalala nyikani bila kupika, na kesho yake asubuhi wakafika maji ya pili. Kwa njia hiyo nyika iliyohitaji siku nzima ilikatwa vipande 2, vyote nje ya saa za jua kali. Yote haya waliyafanya bila kofia za kisasa na bila chupa za plastiki. Ningependa utaratibu huu ufundishwe shuleni pamoja na majina ya wazungu waliobebewa mizigo.

Je, wajua kuwa chumvi na jua vilitumika kuuhifadhi mwili wa Livingstone? Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake pale, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa takriban wiki 2, kisha wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, na mwili ukalazwa katika mnara wa misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Mnara huo bado upo. Ukifika Bagamoyo uuone, na ukiwa chini yake wataje Susi na Chuma kwa majina yao.

Je, wajua kuwa kilomita 5 hivi kusini mwa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti 2 na makaburi ya nguzo? Msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13. Unaweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ya joto. Ukichoka, bodaboda zipo.

Je, wajua kuwa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107? Na bado watu wanasali ndani yake.

Je, wajua kuwa Tongoni, kusini mwa Tanga, ina makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya nguzo, yaliyokusanyika kuuzunguka msikiti mmoja? Wachache hufika. Ni hasara yao.

Tumefika Kilwa, na hapa sina haraka.

Je, wajua kuwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, ulikuwa miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa kusini mwa Sahara? Sehemu iliyoongezwa iliezekwa kwa kuba na matao ya mawe. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Sultani aliyemkuta aliitwa al-Hasan bin Sulaiman, maarufu kwa ukarimu. Sultani huyo ndiye aliyejenga kasri la Husuni Kubwa kwenye genge la bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe 8. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili: upepo wa bahari unapanda genge na kupita kwenye nyua. Msafiri aliyelowa jasho akifika kwenye lile bwawa ataelewa mara moja kwa nini mtawala aliacha kukaa bondeni na wenzake. Inaonekana kasri halikukamilika kamwe.

Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba na virefu? Dari zililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti moja haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba. Mawe nayo yalikuwa ya matumbawe. Yale laini yalikatwa chini ya maji na kuchongwa yakiwa bado mabichi, maana yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya lundo kubwa la kuni. Kuta hizo nene, zilipokuwa na dari na lipu nyeupe, ziliweka ndani ubaridi mchana kutwa. Leo dari imeanguka na jambo limegeuka: mawe yananyonya jua tangu asubuhi na kulitema alasiri. Kwa hiyo saa tisa mchana ndani ya gofu lisilo na paa pana joto kuliko nje penye upepo. Ingia saa kumi na mbili asubuhi, toka saa nne, kalale chini ya mwembe, rudi saa kumi na nusu jioni.

Je, wajua kuwa sarafu ya sultani huyohuyo wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe? Na kwamba mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia? Zilifikaje huko, wataalamu wanaendelea kubishana.

Je, wajua kuwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, na kuondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko? Songo Mnara peke yake ina mabaki ya misikiti 5, kasri na nyumba 33 hivi. Kibali unakipata Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Kisiwani wanaishi watu, wana mashamba na watoto na msikiti wao wa leo, kwa hiyo vaa nguo za heshima na uanze kwa salamu. Maji ya kunywa beba kutoka Masoko. Visima vya magofuni vitazame tu. Maji yake mengi ni ya chumvichumvi au si salama.

Je, wajua kuwa majira ya kuchagua kwa pwani ni kusi, hasa Juni hadi Septemba? Upepo unatoka kusini, hewa imepoa na njia zimekauka. Kaskazi, Desemba hadi Machi, joto na unyevu hupanda pamoja. Bahati njema ni kwamba kiangazi cha Uha ni miezi hiyohiyo ya kusi, wakati kazi za shambani zimepungua.

Je, wajua kuwa begi la magofuni linahitaji viatu vya kufunika zaidi ya kitu kingine? Mapengo ya kuta ni makazi ya nyoka, swila na kifutu wakiwemo. Usitie mkono kwenye tundu usiloliona ndani, na usikanyage upande wa pili wa gogo bila kutazama. Kiangazi kuna upupu vichakani. Shati la mikono mirefu litakuokoa. Chandarua usikiache.

Je, wajua dalili za mtu aliyezidiwa na jua? Kwanza hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, misuli humkaza. Mweke kivulini, mpe maji yenye chumvi na sukari, apumzike siku nzima. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba, ngozi ikawa ya moto, joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi: hiyo ni hatari ya kifo. Usingoje. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na wakati huohuo tafuta usafiri wa hospitali. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu.

Tuvuke mpaka kwa haraka.

Je, wajua kuwa mji wa kale wa Gedi, karibu na Malindi, uko ndani ya msitu? Ni gofu la nadra la pwani ambalo unaweza kulizunguka hata mchana, kwa kuwa miti imeshika nafasi ya dari. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 uliingia kwenye Urithi wa Dunia.

Je, wajua kuhusu Shanga, kisiwani Pate? Hapa ndipo ulipo ushahidi niliouahidi. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta mwingine chini yake, na chini ya huo mwingine, hadi akafikia vibanda vidogo vya kusalia vilivyojengwa kwa miti na udongo katika karne ya 8. Miti ilikwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo kwenye udongo, na alama hizo zilitosha kusoma upana wa jengo na upande lilioelekea. Basi kama kibanda cha miti cha miaka 1,200 kimesomeka kwenye mchanga wa Pate, ikulu za Heru na Muhambwe zisizofika hata nusu ya umri huo zinasomeka pia. Zinachohitaji ni watu wa kuzitafuta.

Je, wajua kuwa Ethiopia ina hekalu la mawe huko Yeha, lililojengwa karibu miaka 700 kabla ya Kristo, na kuta zake bado zimesimama? Au kwamba Naqa, Sudan, jangwani kabisa, lipo hekalu la mungu simba Apedemak lililojengwa na Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore katika karne ya 1? Angkor Wat ya Kambodia, ya karne ya 12, inatazama magharibi, na wageni wake huamka gizani kuwahi macheo. Wanafanya walichofanya wapagazi wetu.

Turudi bara, karibu na kwetu.

Je, wajua kuwa baadhi ya mapango ya michoro ya Kondoa, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado hutumiwa kwa matambiko? Ukikuta majivu au chakula kimewekwa, usiguse wala usipige picha bila kuuliza.

Je, wajua kuwa Katuruka, karibu na Bukoba, palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, uliohusishwa na wahunzi wa kale na ikulu ya Mfalme Rugomora Mahe? Wazee walisema siku zote kwamba chuma kilifuliwa pale. Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba, akakuta mabaki ya ufuaji chuma ya karne nyingi kabla ya Kristo. Simulizi ilikuwa sahihi kabla ya jembe la mtaalamu kugusa ardhi. Kwa anayetoka Kakonko, Kagera ni mkoa wa jirani.

Je, wajua kuwa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wa Manyovu na Mabamba, ipo Gishora karibu na Gitega, makao ya ngoma takatifu yaliyoanzishwa na Mwami Mwezi Gisabo? Ni nyumba za nyasi na uzio wa miti, na ngoma zake bado zinapigwa. Ngoma ya kifalme ya Burundi ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Wale ni ndugu zetu wa lugha na wa desturi. Anayetaka kuona ikulu za Uha zilikuwa za namna gani aanzie kwao. Makaburi ya Kasubi, Kampala, nayo ni ya nyasi na miti, na yako kwenye Urithi wa Dunia. Yaliungua Machi 2010, yakajengwa upya, na mwaka 2023 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Hakuna aliyesema nyasi si urithi.

Je, wajua kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale hata vikiwa shambani mwako? Kigae cha chungu, jiwe la kusagia au sarafu ukiviokota na kuvihamisha, umeng'oa ukurasa ambao hakuna atakayeurudisha. Piga picha, andika mahali ulipovionea, viache, kisha mwarifu afisa utamaduni wa wilaya.

Kijana mwenzangu wa Kitahana, kiangazi kijacho usingoje nauli ya Kilwa itimie ndipo uanze. Nunua daftari, jaza maji, ondoka alfajiri, na uende kwa mzee anayejua mwami wa Muhambwe alikaa kilima gani. Andika jina la kilima, la mwami na la mti uliosalia. Na ninyi madiwani wa Kibondo na Kasulu, wekeni kibao mahali hapo kabla wanaojua hawajaondoka.